Jina Lililoishia Mukendo

Kisorya, Bunda
18 Septemba 2024

Wifi yangu Dorah,

Nakusalimu wewe na wote wa hapo Mukendo. Na mama mkwe kule Kiriba, ukifika, mpe shikamoo yangu, kama ataipokea.

Usishangae kuona karatasi. Nimekuandikia kwenye simu, kwenye Jamvi tunapoongelea wote, mpaka vidole vimechoka. Siku ile mtoto amezaliwa, tarehe tisa mwezi wa saba, nilikutumia picha yake ana masaa mawili, kichwa bado kimechongoka. Ukajibu, "Ameshatua! Namwambia mama." Hilo ndilo neno lako la mwisho. Toka hapo nimekutumia meseji thelathini na nne na zote zina tiki. Nilikutumia sauti yake akilia. Nikatuma na ile anapiga chafya tatu mfululizo, hata dereva wa bajaji huku alicheka. Wewe hukusema hata "nimeona".

Mwanzo nikasema labda bando limeisha. Nikapiga namba yako, haipatikani. Yangu unajua, laini ilisajiliwa kwa jina la marehemu, wakaifunga mwezi wa tano. Jamvini naingia kwa simu ya dada, nikimaliza namrudishia.

Nimekaa siku sabini na moja, sasa nimeelewa. Ulimwambia mama, na mama akakataa.

Nasema bila hasira, wifi. Najua ni kwa ajili ya lile bati la Bunda. Mimi ndiye niliyemwambia mume wangu Prosper akubali kazi ya kufunga ile sola. Alisema mgongo unamuuma, nikasema mtoto anakuja, nenda. Akaenda, akapanda, akaanguka. Pale kaburini mama alinitazama akasema, "Wewe ndiye uliyempandisha."

Lakini siku naondoka Kiriba kuja kujifungulia kwetu, mama huyohuyo alinishika mkono akaniambia, "Jina litakuja. Usiliulize, jina likiulizwa linaharibika. Wewe kaa ndani na mtoto, litakukuta."

Basi nimekaa. Sijauliza. Hata leo siulizi, usije ukasema Ursula ameuliza. Nakujulisha tu kwamba baba amechoka kunitazama. Mtoto wa miezi miwili anaitwa "huyo"! Kliniki nesi anasema, "Mama, jina la mtoto?" nasema bado. Kwenye kadi kaandika "Mtoto wa Ursula". Baba huyo, Mzee Masanja, amesema kama Kiriba hawamtaki, yeye anamtaka. Jumapili hii, tarehe ishirini na mbili, anabatizwa, ataitwa Enos, jina la babu yangu. Maana yake unaijua. Akishaitwa kwetu ni wa kwetu.

Barua hii nampa kondakta wa basi la asubuhi, anamfahamu mwenye duka hapo unapoweka cherehani yako. Kama kuna neno lolote, lije kabla ya Jumapili. Sijasema jina. Nimesema neno.

Mtoto ana sikio la Prosper, lile la kushoto lililokunjika juu. Nilidhani utapenda kujua.

Wifi yako,
Ursula

*

Mukendo, Musoma
26 Septemba 2024

Ursula,

Barua yako nimeipata jana. Ilikaa kwa mwenye duka tangu Alhamisi, mimi nilikuwa Kiriba. Nilikuwa nafanya nini Kiriba nitakuambia mwishoni, ili kwanza nijibu nikiwa na nguvu.

Wewe binti, unanifanya mimi mtoto mdogo? Eti mimi ndiye nilinyamaza! Mimi niliyekaa na simu kwenye mapaja mpaka wateja wanasema, fundi, unashona au umeolewa na hiyo simu? Chafya sijaiona. Sauti sijaisikia. Picha ya kwanza niliiona, nikaenda nayo Kiriba kesho yake. Mama aliishika simu kwa mikono miwili kama sahani ya moto, akatazama, akaniambia, "Rudi Jumamosi."

Jumamosi, tarehe kumi na tatu mwezi wa saba, saa nne asubuhi, alinipa jina. Nikalituma nikiwa kizingitini, mama amesimama, na nikamweka Matrida, binamu yetu wa Butiama, awe shahidi, lisije likasemwa halikutumwa. Matrida akajibu hapohapo: "Nimesikia." Wewe kimya. Na mimi tiki ninayo, kama ni habari ya tiki.

Mama akasema tukupe siku arobaini. Zikaisha. Akasema ongezeni. Zikaisha na hizo. Kukutumia tena hatuwezi, unajua jina halirudiwi. Likitajwa mara ya pili kabla mama wa mtoto hajaitikia, ni kumwitia mtoto mabaya. Mwezi wa nane nikaibiwa simu pale sokoni, nikapata laini mpya, nikaandika namba yangu Jamvini wazi watu wote waione. Mteja wa Tarime alipiga. Wewe hukupiga.

Sikia sasa. Jumamosi iliyopita tumeezua nyumba ya Prosper. Baba mdogo Apolinary alisema nyumba ambayo jina lake halikuitikiwa haisubiri mvua za vuli. Bati ishirini na mbili. Mama alikaa nje kwenye kigoda akitazama moja moja likishuka. Aliniuliza mara moja tu, "Hata leo hajajibu?" Nikasema, hata leo.

Kesho yake ukambatiza.

Ungekataa kwa maneno, Ursula. Ungeandika tu "sitaki." Na habari ya sikio usingeniandikia.

Dorah

*

Kisorya
1 Oktoba 2024

Wifi Dorah,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, nikamalizia nimekaa chini. Naapa kwa udongo niliomrushia Prosper, jina sijaliona. Sijui hata linaanza na herufi gani. Na usinitajie, nisije nikakuharibia na wewe.

Nilimfunga mtoto mgongoni nikaenda kwa Fredy, yule kijana anayeuza spea za pikipiki pale kivukoni, ndiye mwenye mtambo wa Jamvi letu. Nikamwonyesha simu. Akacheka kwanza.

"Mama Enos, kwani hujui? Musoma walitufungia toka mwezi wa saba."

"Walitufungia nini?"

"Mlango. Cha huku hakiingii kwao, cha kwao hakiji huku."

"Mbona tiki zipo?"

"Tiki ni ya kwangu mimi. Inasema imetoka hapa. Haisemi imefika."

"Na wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Ukanyamaza?"

Akaanza kufuta mnyororo wa pikipiki ambao ulikuwa safi. Akasema alidhani watafungua baada ya siku mbili tatu, na watu waliokuja kulalamika walikuwa wa bei ya dagaa tu. Hakujua kuna mtu anasubiri mtu.

Wifi, mimi niliishia darasa la saba, lakini nimemsumbua mpaka nimeelewa. Nilidhanigi Jamvi ni moja, kama redio. Kumbe kila mji una lake, kwenye kompyuta yake. La kwetu liko kwa Fredy, la kwenu liko kwa Evance hapo Mukendo, Butiama wana lao. Yakielewana, mtu wa huku anaongea na wa kule kama wako ua mmoja. Mwenye moja akikasirika anafunga, na sisi tulioko ndani tunaendelea kuongea na ukuta, hakuna wa kutugusa bega kutuambia.

Butiama hawakufunga mtu, wala hawakufungiwa. Ndiyo maana Matrida alikusikia. Na mimi alikuwa ananisikia! Kila picha ya mtoto niliyoweka aliniwekea ua. Nilikuwaga najisemea, angalau Matrida ananipenda. Kumbe alikuwa ananisubiri niitikie, na shahidi hasemi kabla ya mama wa mtoto. Sasa jana nimemuuliza, amelia mpaka meseji yake haisomeki.

Kwa hiyo tulikuwa watatu, wote tunajua kunyamaza vizuri.

Wifi, nenda kwa Evance umuulize. Usimpigie kelele.

Na ile nyumba. Mle ndani kulikuwa na sufuria zangu mbili, na shati lake la kijani nyuma ya mlango. Sidai. Nauliza tu shati limeenda wapi.

Ursula

*

Mukendo
6 Oktoba 2024

Ursula, mdogo wangu,

Nilimpigia kelele. Nisamehe kwa hilo, na ni dogo kuliko mengine.

Unamkumbuka Evance? Yule mrefu wa duka la kutoa kopi, anayeongea kama anasoma tangazo. Nilimkuta ana wateja, sikujali.

"Evance, ulifunga Kisorya?"

"Nilifunga wezi, dada Dorah."

"Wezi wangapi?"

"Wanne."

"Na watu waliomo humo wote ni wangapi?"

Akageukia kompyuta yake. "Mia tatu na kumi na mbili."

"Kwa hiyo kwa ajili ya wanne ukafungia mia tatu na nane."

"Sikuhesabu hivyo."

"Ulihesabuje?"

Mzee mmoja aliyekuja kutoa kopi ya cheti cha ndoa akasema, "Kijana, mjibu, na sisi tusikie." Ndipo akaeleza. Hao wanne walikuwa wanajifanya madaktari, wanawauzia wajawazito wa huku majani ya kupunguza maumivu. Binti mmoja wa hapa alimeza, mimba ikatoka. Evance alimwandikia Fredy mara tatu awaondoe, Fredy yuko na spea zake. Basi akafunga mlango wote. Anasema alitangaza kwenye ukurasa wa kanuni. Nikamuuliza, ukurasa huo umewahi kusomwa na nani? Akasema, na mimi mwenyewe.

Anasema hakufunga peke yake, kuna watu walimsukuma. Watu wenyewe unawajua, wanabonyeza bila kufikiri.

Mama sijamwambia. Nimefika Kiriba mara mbili nikiwa na maneno mdomoni, nikarudi nayo. Sasa hivi ameanza kulala mchana, kitu ambacho hakufanyaga. Shati analo yeye. Siku ya bati alimwambia Apolinary chukueni vyote, akaingia mwenyewe akalitoa.

Nimekukosea, Ursula. Nilisoma barua yako ya kwanza nikaona uongo, kwa sababu nilitaka kuuona. Nilikuwa nimechoka kukulilia, nikaona afadhali nikukasirikie.

Evance atakuandikia mwenyewe. Nimemwambia aandike kwa karatasi, asije akatuma kwenye ukuta wake.

Wifi yako, bado,
Dorah

*

Mukendo, Musoma
8 Oktoba 2024

Dada Ursula,

Salaam. Mimi ni Evance, msimamizi wa Jamvi la Musoma. Hatujawahi kuonana.

Naandika kukiri kwamba tarehe 11 Julai, siku mbili baada ya wewe kujifungua, nilifunga mawasiliano kati ya seva yetu na ya Kisorya. Sababu dada Dorah amekueleza. Ile mimba iliyotoka ilikuwa ya mdogo wangu, Benedikta. Sikumwambia dada Dorah hilo kwa kuwa palikuwa na watu. Siandiki ili unionee huruma. Naandika kwa sababu nilikuwa na hasira, na mtu mwenye hasira hakupaswa kuachiwa ile swichi.

Kuna namna ya kufungia mtu mmoja mmoja. Ni kazi ndefu, wakitolewa wanarudi kwa jina jingine. Nikachagua njia fupi. Kabla ya kufunga niliitisha kura hapa Jamvini: "Tuwafungie Kisorya?" Walipiga kura watu 64, na 59 walisema ndiyo. Dada Dorah naye alisema ndiyo, nadhani ameshakuambia. Hakuna hata mmoja aliyeuliza nani anaishi huko.

Jana nimefungua. Lakini sitaki nikudanganye kwamba kufungua ni kurudisha. Siku ile ya kufunga, mfumo ulikata kila uzi uliounganisha mtu wa huku na wa huko. Wewe na dada Dorah sasa ni kama watu wasiojuana, itabidi mmoja aombe kumfuata mwenzake na mwingine akubali, upya. Na meseji za miezi ile hazikuhifadhiwa popote zikisubiri. Zilifika mlangoni, zikaachwa zianguke. Zako thelathini na nne kwetu hazipo. Nimezitafuta siku mbili.

Za dada Dorah zipo kwenye mtambo wetu kwa sababu zilianzia hapa. Kwa ruhusa yake nimezichapa zote, nimeziweka kwenye bahasha hii pamoja na karatasi ya kura. Amesema ya tarehe 13 Julai niikunje peke yake, uamue mwenyewe kuifungua au kutoifungua. Sikuelewa kwa nini, nimefanya alivyosema.

Jamvi nimemwachia mtu mwingine.

Wako,
Evance

*

Kisorya
15 Oktoba 2024

Mama Gaudensia, shikamoo.

Mimi ni Ursula, mke wa Prosper. Wifi atakusomea. Nimemwomba asiruke kitu.

Mama, kile kikaratasi nilikaa nacho siku tatu chini ya godoro la mtoto. Jumapili nikakifungua. Nilisema, mtoto ameshabatizwa, kinachoweza kuharibika kimeshaharibika.

Nimeona jina. Nimeona ni la baba mkwe. La mume wako, ambalo wewe mwenyewe hulitamki. Wifi ameandika chini yake kwamba hukumtajia, ulimshika mkono ukampeleka ukamwonyesha kaburi.

Mama, mimi miezi yote hii nilijua umekataa kwa sababu nilimpandisha Prosper kwenye bati. Nilikuwa nakupa haki. Nilikuwa nanyonyesha nasema, mama ana haki. Kumbe siku nne tu baada ya kujifungua ulikuwa umeshanipa mtu uliyempenda kuliko wote, nimbebe mgongoni. Ulikuwa umeshanisamehe, na mimi niko huku najichapa.

Ningelipata siku ile, ningelipokea kwa magoti. Nataka ujue hivyo. Jibu langu lingekuwa "nimeitikia", na wewe usingekaa kwenye kigoda kutazama bati zikishuka.

Nilimwendea baba, Mzee Masanja. Nikamwambia, jina lilitumwa, lilizuiwa njiani, tulirudishe. Akaniuliza, "Lilizuiwa na nani, mvua?" Nikamweleza habari ya mitambo. Akasikiliza mpaka mwisho, maana si mtu mbaya. Halafu akasema, "Mwanangu, babu yako nimeshamwamsha. Nimechinja, padri ameandika. Nimwambie nini sasa, arudi alale?" Mama yangu hapa nyumbani alitoka nje akaenda kukaa na mbuzi.

Kwa hiyo siji kuomba jina. Naomba tu kumleta umwone. Sasa anacheka kwa sauti. Anapenda kushika vitu vyenye kitufe.

Na kosa si la wifi Dorah. Nasema hivyo kwa kuwa yeye ndiye anasoma hapa na anaweza kuliruka. Wifi, usiliruke.

Mkwe wako,
Ursula

*

Kiriba
20 Oktoba 2024

Ursula,

Haya ni maneno ya mama, mimi naandika tu anavyosema.

Marahaba. Barua imesomwa mara mbili. Kuhusu bati la Bunda, nilisema neno lile kwa kuwa nilikuwa nimesimama karibu na shimo. Mtu asihukumiwe kwa maneno ya pale.

Jina nililituma mara moja. Halina pa kurudi, na wa kulipokea ana jina lake. Mzee Masanja amesema sawa, aliyeamshwa haambiwi arudi alale. Mwambie nimesema hivyo, na sina ugomvi naye.

Nyumba hakuna tena. Utalala kwangu. Mlete.

Hayo ndiyo ya mama. Haya sasa ni yangu, naandikia nje hapa. Nilipofika pale penye "kosa si la wifi Dorah" niliishusha barua mapajani. Mama akasema, "Soma." Nikamwambia habari ya kura. Nilibonyeza ndiyo nikiwa napinda suruali ya mtu, Ursula. Niliona neno Kisorya nikafikiria wale wauza dawa. Wewe kwangu hukuwa Kisorya, ulikuwa Ursula. Ndivyo ilivyokuwa, sina jingine.

Mama hasemi na mimi tangu Ijumaa, isipokuwa kunituma barua hii.

Dorah

*

Kisorya
4 Novemba 2024

Wifi Dorah,

Tumefika salama, mtoto amelala njia yote kutoka Bunda. Nakuandikia wewe kwanza kwa sababu Jumamosi hukuwepo, na najua kwa nini hukuja.

Habari ya kura niliiona kwa Evance, kabla hujaniambia. Jina lako lilikuwa la kumi na saba. Nililitazama nikafunga bahasha, nikamwandikia mama vile vile. Wewe ulinikosea kwa kidole kimoja. Mimi kila nikikumbuka ile "mgongo unaniuma" nasikia nilivyomjibu. Tusipimane.

Nikuambie basi ilivyokuwa. Nilikuta mama amesimama nje tangu asubuhi, jirani waliniambia. Pale nyumba ilipokuwa ameshapanda mihogo, imeanza kuchipua. Nilipiga magoti nikamsalimu. Akaitikia, lakini macho yalikuwa mgongoni kwangu. Nikamfungua mtoto nikampa.

Akamgeuza taratibu akatafuta lile sikio. Sikumwambia lilipo, aliliendea moja kwa moja. Akalikunja kwa kidole, likarudi lilivyokuwa. Akacheka, Dorah. Kicheko kifupi, halafu akafuta uso kwa khanga.

Tangu hapo hakumweka chini. Alimbeba akisonga ugali kwa mkono mmoja. Nikasema, mama, nikusaidie kusonga, akasema kaa. Alimlisha mchuzi wa sato kwa ncha ya kidole, nikanyamaza, ingawa nesi amekataza. Alipokojolewa alisema, "Haya, na mimi nimebatizwa." Jirani wote wakacheka. Nilimwona ana furaha, nakuapia.

Lakini siku nzima hakumwita. Si Enos, si lile lingine, si mjukuu, si mume wangu kama bibi wanavyosemaga. Jirani mmoja akauliza, "Anaitwaje huyu?" Mama akageuza uso, akasema muhogo wa mwaka huu una wadudu.

Jumapili baada ya misa nikasema, mama, tuwahi gari. Alinisindikiza mpaka barabarani akiwa amembeba. Gari likaja. Dereva akapiga honi, akasema, "Bibi, mpe mama mtoto twende!" Akambana kidogo, akamnusa shingoni. Shati la kijani alikuwa amemviringishia, na hakulitoa.

Halafu akanipa. Akasema, "Chukua mtoto wako."

Wifi, nilingoja aseme "wetu". Watu wote wanasemaga mtoto wetu. Hata kondakta anasema mtoto wetu. Nilisimama pale mguu mmoja ndani ya gari nikingoja, na yeye alikuwa ananitazama vizuri tu, bila ubaya wowote.

Nikamchukua.

Nimemwambia nitamleta tena mwezi huu ukiisha. Akasema, "Njia ni ndefu kwa mtoto wa watu." Nitamleta hivyo hivyo. Na mwezi unaofuata pia, na siku moja wewe uwepo, tukae wote, hata asiposema na sisi.

Kule Jamvini nimeona umeniomba nikukubali upya. Bado sijabonyeza. Si hasira. Ninaogopa tu kuona tena tiki. Kwa sasa niandikie hivi hivi, kwa karatasi. Kondakta nikimuuliza, "Umempa mkononi?" ananiambia, "Nimempa mkononi."

Wifi yako,
Ursula